Kigango cha Jirani

Nilikwenda Landani na begi moja, nikarudi na diploma ya utunzaji wa wazee na nyumba ya vigae, ya kwanza kijijini kwetu Kilifi. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Mtu kama mimi hana sababu ya kumwonea mwenziwe wivu. Lakini jirani yangu nilimwonea, na wivu wenyewe ulianzia kulekule Landani.

Yeye alikuwa dereva wa basi, akikaa Thamesmead. Mimi nilikaa Kilburn. Nyumbani, kwao na kwetu panatenganishwa na njia ya miguu tu. Siku moja alinipigia simu: jumba moja la makumbusho limekubali kumrudishia kigango cha babu yake.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa, ambayo sisi Wagiriama humsimamishia mzee mwenye cheo akishafariki. Kikisimamishwa hakihamishwi, ni mzee mwenyewe. Cha babu yake na cha babu yangu viliibwa msimu mmoja, tukiwa wadogo. Tangu hapo, mvua ikikosa au mtoto akiugua, shangazi zetu husema wazee wanaona baridi huko waliko.

Yeye alirudishiwa kwa sababu alikuwa na picha. Baba yake alimruhusu Mzungu mmoja akipige kigango, akapewa soda na nakala ya picha. Baba yangu alimfukuza Mzungu yuleyule kwa panga, akisema wafu hawapigwi picha. Basi sisi tulioshika mila hatukuwa na ushahidi, na walioiuza kwa soda walikuwa nao!

Aliniomba nimsindikize. Nikavaa suti, nikijua nitamkalimania. Wapi! Mama mmoja wa makumbusho, mwenye funguo za ghala, alimsikiliza yeye tu. Mimi nikapewa glavu za mpira.

"Vua hizo, Diploma," jirani akanitania. "Babu hasalimiwi kwa mpira."

"Sheria ni sheria, bwana."

"Haya, msalimie kwa mdomo basi."

Kwenye rafu walikuwa wamelazwa wazee wawili. Kigango cha pili kilikuwa na safu za pembetatu, na shingo iliyoliwa na mchwa upande mmoja. Utotoni nilikipita kila siku nikienda kuteka maji. Ningekitambua hata gizani. Kadi yake ilisema hakijulikani kilikotoka.

"Hiki ni chetu," nikamwambia yule mama.

Akajibu kwa upole kwamba neno la familia peke yake halitoshi. Atafutwe shahidi wa ukoo mwingine.

Shahidi alikuwa amechuchumaa hapo hapo, akimnong'oneza babu yake, machozi yakimtiririka bila haya. Mimi, na diploma yangu, nimwombe huyu? Nikajifanya naisoma tena ile kadi. Nikayatamani hata yale machozi.

Akainuka, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Huyu wa pembeni ni babu yake huyu," akamwambia yule mama. "Nyumbani walikuwa wakitazamana. Niletee kalamu."

Leo cha kwao kimesimama ng'ambo ya njia, kimefungwa vitambaa vyekundu. Shangazi zangu huenda kukitazama, kisha hurudi kuniuliza chetu kitafika lini. Nawaambia kibali kimeshatoka, kinangoja meli. Najua kikifika ukoo utamshukuru yeye kwanza, kabla yangu mimi mwenye nyumba ya vigae, na hilo linanichoma mpaka leo. Lakini shimo nimeshalichimba, mahali palepale pa zamani, kikisimama kitazame kwao.