Wageni wa Alhamisi

Baba yangu alikuwa mwalimu, na nyumba yetu ya Dunda, hapa Bagamoyo, aliijenga chumba kimoja kimoja. Alipofariki, mama alivisafisha vyumba vinne vya uani, akanunua vyandarua, akaanza kupokea wageni. Mimi nilimkuta akiwa ameshazoea kazi hiyo niliporudi nyumbani baada ya ndoa yangu ya Dar es Salaam kuvunjika. Alinipokea begi, akanipa funguo, akasema, "Mashuka yapo kabatini. Wageni wanataka chai kabla ya saa moja." Hakuniuliza lolote jingine, nami nikashukuru.

Wageni wetu hawakuwa watu wa kulala siku moja na kuondoka. Walikuwa wanafunzi wa ngoma, watu wa kuchunguza magofu, na wastaafu waliotaka tu kukaa mahali pasipo na haraka. Walikula tulichokula sisi. Aliyeumwa tumbo mama alimpikia uji, aliyechelewa kurudi aligombezwa. Mmoja wao, mwanamke wa Kizungu aliyekuja kujifunza ngoma, alikaa chumba cha tatu miezi miwili. Kila asubuhi alimwamkia mama, "Shikamoo," kwa sauti ya juu kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Alijifunza kukuna nazi mpaka akakata kidole. Siku ya kuondoka alilia, na mama naye akalia. Mimi sikuwahi kumwona mama akilia tangu mazishi ya baba.

Kisha ikajengwa hoteli kubwa ufukweni, upande wa kusini mwa mji. Ningependa kusema kwamba siku ilipofunguliwa ndiyo siku mambo yetu yalipoharibika, angalau ningekuwa na siku ya kuilaumu. Haikuwa hivyo. Mwanzoni tulifurahi. Watu walisema wageni wakija wengi, hata sisi wadogo tutapata. Mabasi yao meupe yakawa yanapita, na vyumba vyetu vikawa vinakaa tupu, kidogo kidogo, kama mtu anayepungua mwili bila kujua anaumwa nini. Nilidhani ni mvua. Mvua zikaisha. Nikadhani ni mashuka, nikanunua mapya. Nikapaka chokaa ukuta wa mbele. Mama alisema pengine tumetupiwa jicho, na sikujua kama anatania.

Siku moja nikaingia kwenye mtandao ambao wageni hutumia kubuku vyumba. Mgeni mmoja ndiye aliyekuwa ametuandikisha humo zamani, na kwa miaka mingi sikuwa na sababu ya kuuangalia. Nikaitafuta nyumba yetu ukurasa baada ya ukurasa. Hoteli kubwa ilikuwa ya kwanza, na picha zake zilirudi tena chini na tena chini zaidi. Sisi nilitukuta mwisho kabisa. Chini ya picha ya uwanja wetu paliandikwa kwamba nyumba hii haipokei wageni kwa sasa.

Niliinua macho. Vyumba vyote vinne vilikuwa wazi, vimetandikwa, na mama alikuwa kibarazani akichambua mchele.

Nikawaandikia. Jibu lilikuja upesi, la heshima, likinishukuru kwa ushirikiano wangu na kuniomba picha ya leseni. Nikatuma. Wakaomba picha ya mlango ikionyesha namba ya nyumba. Nyumba yetu haikuwa na namba, kwa hiyo nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akanitafutia namba, nikaiandika mlangoni kwa rangi, nikapiga picha, nikatuma. Baada ya wiki wakaniambia wamefunga shauri langu kwa kuwa sikujibu. Nililisoma neno hilo mara tatu nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimejibu. Lakini ningemwendea nani? Mtu akikudhulumu mtaani unajua mlango wa kwenda kupiga hodi. Hawa hawakuwa na mlango.

Katika siku hizo ndipo alipokuja yule kijana wa hoteli. Alivaa shati lenye nembo ya hoteli kifuani, nami nilipoiona tu nikakunja uso. Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

Alikuwa mtu wa Kerege, wilayani kwetu, na baba yangu ndiye aliyemfundisha baba yake kusoma. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, sasa nikawa sijui niiweke wapi ile chuki. Alisema hoteli ingependa kuwaleta wageni wake kwetu kila Alhamisi, wajifunze mapishi ya pwani na kula mchana. Hoteli ingeleta vitu vyote, sisi tungetoa mikono na uwanja. Mama alikubali kabla sijafungua mdomo.

Kijana alipoondoka nikamgeukia. "Mama, hawa ndio waliotumalizia wageni."

"Una hakika?"

Nikataka kujibu, nikagundua sina hakika. Je, ni hoteli? Ni ule mtandao? Au ni sisi wenyewe, kwa kutojua namna watu wanavyosafiri siku hizi? Mama alirudi kwenye mchele wake.

Alhamisi ya kwanza kijana alifika mapema kukagua. Aliangalia jikoni, akaona friji na jiko la gesi, akakuna kichwa. "Mama, samahani. Wageni wanapenda kuona maisha halisi."

"Na haya ninayoishi mimi ni ya nani?" mama akauliza.

Wote wawili wakacheka. Lakini friji ilifunikwa kanga, mlango wa jikoni ukarudishwa, na mafiga matatu yakapangwa uwanjani. Mama, ambaye alikuwa ameziacha kuni miaka mingi, alikohoa moshi mpaka machozi yakamtoka. Kijana akawaeleza wageni kwa Kiingereza kwamba hivi ndivyo watu wa hapa wanavyopika tangu enzi na enzi. Nilimsikia vizuri. Nilikuwa nimebeba sahani, nikaendelea kuzipanga.

Na wale wageni walikuwa watu wazuri, hilo nalo likanivuruga. Nilitaka wawe na kiburi. Mzee mmoja alikataa kuondoka mpaka aoshe sufuria tulilopikia. Bibi mmoja alimuuliza mama kuhusu baba, akasikiliza mpaka mwisho. Wakimaliza, wanapanda basi lao kwenda kulala kwingine, na mimi nakwenda kutandua mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia, nayafua kwa sababu yameshika vumbi.

Tuliendelea hivyo miezi kadhaa. Halafu Alhamisi moja, akateremka kwenye basi yule mgeni wetu wa chumba cha tatu.

Nywele zilikuwa zimeingia mvi, lakini nilimjua papo hapo. Yeye alikuwa amesimama langoni, mkono mdomoni. Mama alikuwa amepiga magoti akipuliza moto, akainua kichwa.

"Shikamoo," mgeni akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Mama hakuitikia. Alisimama taratibu, akajifuta mikono. "Umefika lini Bagamoyo?"

"Siku nne."

"Siku nne, na hukupiga hodi?"

Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa, alikuwa akikitafuta neno kwa neno. "Niliwatafuta kwenye simu. Iliandikwa mmefunga. Nilifikiri mama amekufa. Niliogopa kuja kuambiwa."

Wenzake walikuwa wameshika kamera zao, hawajui wapige picha au waache. Mama akamshika mkono, akaenda naye mpaka jikoni, akasukuma mlango, akaivuta ile kanga juu ya friji na kuitupa begani. Akatoa jagi la juisi ya ukwaju, akammiminia. Basi kundi zima likamfuata. Mama akawasha gesi, akakitoa chungu cha samaki kwenye mafiga, akakiweka pale. "Moshi umenichosha," akaniambia. "Waambie hapa pia panapikika."

Nikawaambia. Kijana wa hoteli alibaki mlangoni, na mpaka leo siwezi kusema uso wake ulikuwa wa hasira au wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Baada ya kula, mgeni wetu akaomba alale chumba chake cha zamani, hata usiku mmoja. Nilikwenda mbio kutandika. Nilipotoka nikamkuta anabishana na kiongozi wa msafara wao. Alikuja na kundi, na kiongozi alisema bima ya safari hairuhusu mtu alale nje ya hoteli. Saa kumi mgeni wetu akapanda basi pamoja na wengine, akitupungia mkono dirishani.

"Kwani amefungwa?" mama akaniuliza.

Nikarudi chumba cha tatu kutandua kitanda.

Wiki iliyofuata kijana akapiga simu. Alizungukazunguka kwanza, kisha akasema wakubwa wameamua kujenga jiko la kienyeji ndani ya hoteli, lenye makuti, wageni wasipate taabu ya kusafiri. Walimtaka mama akafundishe huko.

"Mwambie mimi nina jiko," mama akasema.

Nikamwambia kijana kwamba mama hatakuja. Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Lakini mimi naweza."

Sasa ni mwaka wa pili. Alhamisi na Jumamosi nakaa chini ya makuti yale nikiwafundisha watu kukuna nazi. Vyumba vyetu tumewapangisha wauguzi wawili, mwalimu kutoka Moshi na fundi wa simu, watu wapole wanaolipa vizuri. Mama hakunilaumu wala kunisifu. Nikirudi huniuliza tu wamekula nini.

Mwezi uliopita alikuja kunitazama kazini. Mlinzi alimzuia getini kwa sababu hakuwa kwenye orodha, ikabidi nimfuate. Alikaa pembeni ya kibanda, mkoba mapajani, akatazama kila kitu: paa, vyungu, wageni. Wakati wa kurudi tulitembea mpaka tukaikaribia barabara kuu.

"Yale makuti yameshonwa vizuri," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilitaka yawe mabaya."

"Hata mimi nilitaka."

Tukasimama kusubiri bodaboda. Akauliza kama hawahitaji mtu wa pili pale, wa kukata vitunguu tu, asiye na haja ya kuongea na wageni. Nilimtazama nione kama anacheka. Hakuwa anacheka, na hakuwa kama mtu anayeomba kazi, bali kama mtu aliyewakumbuka wageni wake. Nikamwambia nitamuuliza yule kijana. Sijamuuliza, na mama hajanikumbusha.