Shikamoo za Venance

Fausta wa Michenga aliandika blogu kuhusu kuamia, yaani kufukuza ndege kwenye mpunga. Hakuweka picha yake, na aliandika kama bibi aliyekula chumvi nyingi. Wasomaji wake walikuwa sita. Mmoja wao, Venance wa Mlimba, kila akitoa maoni alianza na "Shikamoo, mama," naye Fausta aliitikia marahaba yake bila wasiwasi.

Mwaka wa tatu Venance akaweka picha: mzee wa miaka themanini, amezungukwa na wajukuu. Fausta aliona haya, akamwandikia papo hapo: "Shikamoo, babu! Nisamehe, mimi nina miaka thelathini tu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ila kwenye blogu niache niendelee kukuamkia. Huku Mlimba, wote waliokuwa wakiniitikia nimeshawazika."