Walisema Ni Ajali ya Gari

Saa mbili asubuhi, uwanja wa shule ya udereva. Gari dogo jeupe linarudi nyuma taratibu kati ya mapipa mawili yaliyopakwa rangi, na kijana aliyeshika usukani jasho linamtoka utadhani analibeba gari lenyewe.

"Shingo, mwanangu, geuza shingo!" anaambiwa na mwalimu wake, mama wa miaka arobaini na tatu aliyekaa pembeni yake. "Pipa halina haraka. Wewe una haraka ya nini?"

Wanafunzi wanamwita Mama Rivasi. Walimu wengine huanza na kwenda mbele; kwake wiki ya kwanza nzima ni kurudi nyuma tu. Wengi hudhani ni ukaidi. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka aliponieleza.

Zamani alikuwa askari, dereva wa gari la deraya katika kikosi kilichopelekwa ng'ambo kulinda amani. Wananchi tunakikumbuka kikosi kile kwa picha moja: askari wa kike akiwagawia watoto biskuti. Askari huyo ndiye yeye. Na picha ile ilichapwa na gazeti hili hili, ukurasa wa kwanza.

"Biskuti niligawa, sikatai," anasema huku akicheka. "Dakika kumi! Miezi yote iliyobaki tulikuwa tunashambuliwa, na sisi tunajibu. Halafu narudi nyumbani, mtu ananiuliza, 'Eti mlikuwa mnalipwa kwa kupiga saluti?'"

Kisa chenyewe alinisimulia tumeegemea boneti. Asubuhi moja msafara wao uliviziwa kwenye barabara nyembamba, kinamasi huku na huku. Mbele yao lori lilikuwa linawaka. Kugeuza haiwezekani. Ndani ya gari lake mlikuwa na askari tisa, wanne kati yao wamejeruhiwa, na vioo vyote vya pembeni vilikuwa vimeshavunjwa kwa risasi.

Alirudi nyuma mita mia nane bila kuona kitu.

Aliyekuwa macho yake ni sajenti wa rashasha, aliyesimama kwenye tundu la juu, miguu yake usawa wa mabega ya dereva. "Anapiga mbele, anageuka kutazama nyuma, ananiongoza kwa teke. Teke bega la kushoto, nakata kushoto. La kulia, nakata kulia. Yaani nilipigwa mateke siku ile, jamani!" Anacheka kidogo. "Zilipobaki kama mita mia mbili, mateke yakaisha. Nikajua. Nikaendelea kwa kukumbuka tu jinsi barabara ilivyokuwa tulipoipita."

Wale tisa wa ndani wote wako hai hadi leo.

Lakini umma ulikuwa umeambiwa kwamba kule hakuna mapigano. Basi taarifa ikatoka ya mstari mmoja: askari mmoja amefariki katika ajali ya gari. Tukaichapa kama ilivyo. Msibani, mama mzazi wa sajenti aliuliza jambo moja tu: nani alikuwa anaendesha? Akaonyeshwa. Mwaka wa saba huu hajaitikia salamu ya dereva huyo.

"Anayenicheka kwa biskuti na acheke," anasema mwalimu. "Ila mzazi wa mtu anaamini nilimuua mwanawe kwa uzembe. Hilo siwezi kuliacha hivyo."

Jumamosi ijayo anataka kwenda kwa mama huyo. Hatakwenda peke yake: saba kati ya wale tisa wameshaomba ruhusa makazini.

"Nikienda mwenyewe nitaonekana najitetea. Waseme wao walichokiona. Sitafuti msamaha mimi. Nataka mama ajue mwanawe alikufa anatupigania."

Ombi alilipeleka kwa simu, kupitia mjukuu wa mama huyo. Siku tatu kimya. Juzi, katikati ya somo, simu ikaita, akamwambia mwanafunzi asimamishe gari.

"Shikamoo shangazi," mjukuu akasema. "Bibi anauliza mtakuja wangapi, aazime viti."