Simu ya Wazee na Jani la Isale

Kazi ya kukusanya takwimu za simu ya wazee niliipata kwa uwezo wangu, sikubebwa na mtu. Waliokuja kwenye usaili walikuwa wengi, wengine wenye digrii, wamevaa tai. Mimi nilikuwa na stashahada yangu ya takwimu niliyoisomea Johannesburg, mchana nikisuka nywele za watu, jioni nikikaa darasani na vidole vinaniuma. Niliporudi nyumbani sikwenda kuomba chumba kwa kaka zangu. Nilijenga Soweto ya mjini kwetu, si ile ya Johannesburg, kiwanja changu, paa langu, na cheti nikakitundika sebuleni mahali ambapo mgeni anakiona kabla hajaiona televisheni.

Ofisi ilikuwa Mawenzi, katikati ya mji, vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa. Mzee yeyote mwenye shida ya mirathi, ardhi au kunyanyaswa alipiga namba ya bure, mwanasheria akapokea na kumshauri. Walichokuwa hawajui pale ofisini ni nini hutokea baada ya simu kukatwa. Hicho ndicho nilichoajiriwa kukitafuta, na nilikitafuta kwa furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye kazi nyingine. Asubuhi nilikuwa nafika kabla ya mfagiaji.

Mapema tu nikaona jambo. Wazee wa miteremkoni mwa mlima, hasa Marangu, walikuwa wakipiga mara ya kwanza wakilalamika sana kuhusu mashamba yao. Mwanasheria akiwapigia tena kuuliza kama wafungue shauri, wanajibu kwa upole kwamba hawana malalamiko tena. Faili linafungwa. Mkuu wa ofisi alifurahi, akaniambia niandike kuwa familia zinapatana zenyewe. Nikamwambia nitaandika nikishawaona. Alitabasamu kama mtu anayemvumilia mgeni, lakini ruhusa alinipa.

Niliwapigia wale waliokubali kutembelewa, na wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Marangu, mjane. Nilipanda kwa gari langu dogo, nikaliacha barabarani na kushuka kwa miguu kati ya migomba na kahawa hadi kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha maswali akaanza kuuliza yeye: mimi ni wa ukoo gani, babu yangu alizikwa wapi, mama yangu alitoka upande gani wa mto. Nilipomaliza kujibu ndipo akanipa kiti na kikombe cha mtori.

“Kwa hiyo unalipwa kuuliza wazee maswali,” alisema. “Mimi nimeuliza watu maisha yangu yote, bure.”

Nikamwambia hakuwahi kuwa na diploma. Akacheka hadi akashika ubavu, na tangu hapo tukawa marafiki.

Habari yake ilikuwa hivi. Marehemu mumewe alimwachia kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na yeye alikuwa na mabinti watupu, wote wameolewa mbali. Mtoto wa shemeji yake alikuwa anasema kihamba ni cha ukoo na mwanamke hana la kusema. Alishapata mnunuzi, mtu wa Arusha aliyetaka kujenga nyumba ya wageni wanaopanda mlima. Jumamosi ya wiki hiyo mnunuzi angekuja kuoneshwa mipaka na kutia sahihi. Bibi alinipeleka upande wa chini. Safu ya mimea ya masale iliyoonesha mpaka ilikuwa imeng'olewa, mashimo yakiwa bado na udongo mbichi, hatua chache tu kutoka kwenye kaburi la mumewe.

Nilishangaa. Kwenye kumbukumbu za ofisi, mwanamke huyu alikuwa ameshapatana na ndugu zake. Nikamuuliza kwa nini alimwambia mwanasheria kwamba hana malalamiko.

“Mtoto wa shemeji aliniletea isale,” alisema.

Asiyekulia huku hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Isale ni mmea wa majani marefu tunaopanda mpakani mwa kihamba, na ni mmea huohuo mtu anaoubeba anapokwenda kuomba msamaha. Ukiletewa isale, humkatai aliyelileta, na jambo ulilosamehe hulifufui tena. Bibi alikuwa amelipokea. Aliamini kwamba kwa kulipokea alikuwa amejifunga mdomo, na kwamba akienda kwenye baraza la ardhi, kanisa zima litasema amevunja isale.

Nilikuwa nimeshika jibu la swali ambalo ofisi nzima haikujua hata kuliuliza.

“Bibi, alipokuletea, aliomba msamaha wa nini?”

“Wa kunikatia migomba. Na kunitukana mbele ya watu baada ya ibada.”

“Alitaja kuuza?”

Aliangalia yale mashimo.

“Hakutaja.”

“Basi umemsamehe migomba na matusi. La kuuza hajakuomba, na wewe hujampa.”

“Hiyo umeisomea?”

“Hiyo nimezaliwa nayo. Diploma ni ya kuhesabia.”

Tukapiga simu palepale, tumekaa juu ya gogo, nimeweka sauti ya spika. Nilimwambia bibi aanze na isale kabla ya kitu kingine chochote. Mwanasheria alikuwa kijana wa Kanda ya Ziwa, hakuwahi kulisikia neno hilo, na bibi akamfundisha taratibu kama mtoto anavyofundishwa kipaimara. Yule kijana alisikiliza hadi mwisho, akajibu kwamba kusamehe lililokwisha kutendeka si kuruhusu ambalo halijatendeka, na kwamba kihamba hakiuziki bila idhini ya bibi. Akamwomba ashuke mjini kesho yake ili wapeleke ombi la zuio kwenye baraza la ardhi kwa haraka.

Bibi hakulala kwake usiku huo. Alilala Soweto, kwenye chumba changu cha wageni chenye neti mpya, baada ya kukisoma cheti changu herufi kwa herufi na kuniuliza kwa nini picha yangu mle ni mbaya hivyo. Mbele ya baraza alisema hakuja kulipiza kisasi, amekuja kusema jambo ambalo hajaombwa msamaha. Ijumaa zuio likatoka.

Na mimi nikaongeza swali kwenye dodoso letu: je, umeletewa isale, na lilikuwa la nini? Wanasheria wetu walianza kuwauliza upya wale wote waliofungiwa mafaili, na simu zikafufuka kutoka Marangu hadi Rombo. Swali hilo ni langu. Leo wanalitumia hata watu ambao hawajui lilitoka wapi, ndiyo maana naliandika hapa.

Jumamosi ile, siku moja baada ya zuio kutoka, haikuwa siku yangu ya kazi, lakini nilipanda. Nisingekosa. Mnunuzi alifika na mtoto wa shemeji, akapewa ile karatasi ya zuio, akaisoma akiwa amesimama. Alimwamkia bibi shikamoo, akamwomba radhi kwa usumbufu, akaondoka zake. Mtoto wa shemeji alibaki peke yake mbele ya majirani waliokuwa wamekuja kuangalia. Akazunguka nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na tawi la isale mkononi.

Bibi alinyoosha mikono yote miwili akalipokea, na nikafikiri kila kitu kinarudi palepale tulipoanzia.

“Hili ni la nini?” aliuliza.

“Mama mkubwa, ni la jambo hilo tu.”

“Lina jina. Litaje.”

Yule mwanamume alitazama chini. “La kutaka kuuza kihamba chako. Na kung'oa masale.”

“Nimekusamehe,” alisema bibi, kisha akamrudishia tawi. “Isale huota hata likichomekwa tu. Kachukue jembe. Ulipong'oa unapajua.”

Tukashuka wote pamoja naye hadi upande wa chini. Alichimba. Bibi alisimama kando ya kaburi la mumewe, mkono wake begani mwangu, akimtazama akishindilia udongo hatua mbili juu ya yale mashimo.

“Si hapo,” alisema. “Sogea chini. Bado. Bado kidogo. Hapo.”