Kiuno Kilichovusha Mpira

Niliacha shule darasa la sita, nikazifanya karibu kazi zote za Kariakoo zisizohitaji cheti. Nilisukuma mkokoteni, nikauza soksi, mwisho nikawa kuli wa duka la jumla la vitenge. Bosi wangu, Mhindi wa Upanga, alikuwa mcheza gofu, na Jumamosi alinichukua nimbebee mfuko wa fimbo. Kitu kikipita mbele yangu lazima nikijue. Haukuisha mwezi, nami nikawa napiga.

Kila mwaka klabu yake ilikuwa na mchezo wa jozi: mwanachama na mbeba mfuko wake hupiga mpira mmoja kwa zamu. Shimo la mwisho lina bwawa mbele yake, na zamu ya kulivuka ikaniangukia mimi. Nilipiga kwa nguvu zote za mikono ya kuli. Mpira ukazama, tukafungwa na jirani yetu wa dukani, naye mwanachama, Mchaga muuza vyombo vya plastiki.

"Kijana, unapiga mpira au unashusha robota?" akaniuliza mbele za watu.

Bosi hakucheka. "Mwakani ukizamisha, nachukua mwingine."

Swali la yule jirani lilinikaa kichwani. Tunaposhusha mzigo, tunasimama mstari na kurushiana marobota ya vitenge. Anayetegemea mikono huishiwa nguvu mapema. Wakongwe hukaza tumbo na kugeuka kwa kiuno, robota likaondoka kama mto wa pamba. Hata mimi nilirusha hivyo kila siku, ila nikishika fimbo nasahau.

Bosi alikuwa na mazoezi aliyopewa hospitali kwa ajili ya mgongo. Asubuhi, kabla ya kufungua, alitandika mkeka katikati ya majora. Nikamwomba nijiunge. Tulijiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, nikihesabu majora rafuni. Siku ya kwanza sikufika la kumi na tano. Nilitetemeka, bosi ametulia.

"Tumbo lako ni la kuwekea ugali tu," akasema.

Kisha nilikaa chini, miguu juu, nikihamisha jora zito kulia na kushoto. Siku moja jirani akachungulia akatukuta sakafuni.

"Vipi, mmevamiwa?"

"Tunatafuta pini," bosi akajibu.

Mwaka ulipozunguka, bwawa likawa langu tena.

"Nikuletee wavu wa samaki?" jirani akauliza.

Nilikaza tumbo. Nikajiambia kuli mwenzangu yuko ng'ambo ya maji, ananisubiri nimrushie. Kiuno kikageuka, mikono ikafuata. Mpira ulipita juu ya bwawa, ukadunda mara mbili na kutulia hatua chache kutoka shimoni. Bosi akausukuma ndani taratibu. Tukashinda.

Jumatatu jirani alisimama mlangoni.

"Ile pini mliipata?"

"Tuliipata," bosi akasema. Alikuwa ameshatandika mikeka miwili, wake na wangu.