Kufuli kwenye Stoo ya Kahawa

Mwanamume anayenunua kufuli uzeeni ana jambo. Hivyo ndivyo Aikande alivyoamini, na pale kijijini Masama hakuna ambaye angemtoa katika imani hiyo.

Mumewe, Ndelilio, aliendesha magari ya watalii hadi alipostaafu. Mgeni mmoja alimwachia kamera, na tangu hapo mzee wa watu akageuka. Kila asubuhi Aikande alipoteremka bondeni kuwakatia ng'ombe majani, naye alitoweka, kamera shingoni. Ukimuuliza anapiga picha za nini, atajibu, "Za moyo wangu tu." Za moyo! Harusi hapigi, kipaimara hapigi. Kisha akatia kufuli stoo ya kahawa, ambayo haikuwahi kufungwa hata enzi zile kahawa ilipokuwa mali.

Aikande hakuwa wa kudanganywa kirahisi. Aliwalea watoto karibu peke yake, mume yuko porini na wageni, na maziwa ya ng'ombe wake ndiyo yaliyowasomesha. Alianza kunusa mashati. Jirani yake Yuditha, mjane, naye akaingia kwenye hesabu: tangu auze ng'ombe, hushinda nyumbani asubuhi amependeza. Wivu ulimtafuna Aikande. Kuachwa sasa, meno yameng'oka, baada ya kuubeba mji ule kichwani?

Siku moja Ndelilio alishuka Moshi mjini kusafisha picha. Aikande akafua suruali ya mumewe, ufunguo ukadondoka kwenye beseni. Akamwita Yuditha awe shahidi, na pia apate kumtazama usoni mlango ukifunguka.

Kuta zote zilijaa picha za mwanamke. Yule yule, kwa nyuma: mzigo wa majani umemfunika kichwa, kitenge cha umoja wa wanawake wa kanisani kiunoni, akipanda njia ya migombani. Kwenye ukungu. Kwenye mvua. Katika mojawapo jua lilipenya kwenye majani likamwangukia mabegani, na uzuri wake ulimchoma Aikande.

"Umemwona hawara wake?" alisema. "Na kitenge cha kanisa kabisa! Ni nani huyu?"

Yuditha alisogea, akatazama, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mama Jesse, si wewe huyo! Mgongo huo nimeufuata miaka mingapi, hadi nilipouza ng'ombe?"

Aikande akaketi juu ya gunia. Mgongo wake hakuwahi kuuona, na mwenye mzigo kichwani hageuki nyuma. Alicheka, akalia kidogo kwa furaha, akamwomba Yuditha msamaha bila kusema wa nini. Halafu akazitazama picha tena, moja moja, na kicheko kikamwisha.

Jioni Ndelilio alimkuta mlangoni mwa stoo.

"Baba Jesse, ni nzuri. Sikujua unaniona hivi."

Mzee akainama kwa haya. "Nikikuomba nikupige picha, unaficha uso."

"Sawa. Sasa niambie. Siku zote hizo ninapanda na mzigo, ulikuwa hapo nyuma yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mikono mitupu?"

"Nilikuwa nimeshika kamera," alisema Ndelilio, na hapo hapo akatamani asingesema.

Asubuhi Yuditha aliwaona wakipanda kutoka bondeni. Ndelilio alitangulia akiyumba, majani yamemfunika hadi mabegani. Aikande alikuwa nyuma, kamera shingoni, akimwambia asimame kwanza, mwanga bado haujakaa vizuri.