Kushoto kwa Panya

Kwa miaka mingi Rachida, binti wa fundi cherehani Zakari wa Katuba, alifuata njia moja ndani ya ubongo wa panya: ile inayotoka mahali hofu inapozaliwa hadi ubongo wa kati, ambako mwili huamriwa kukimbia au kuganda. Alidunga rangi upande wa kushoto, akasubiri itambae ndani ya neva. Kisha akaukata ubongo vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, akatoboa kila kimoja kwa sindano upande wa kushoto ili tundu limwonyeshe kushoto, asipotee, ndipo akavichonga vyembamba kama ganda la kitunguu.

Chini ya darubini, kipande cha mbele kilikuwa na rangi kushoto. Cha nyuma kilikuwa nayo kulia, ng'ambo ya tundu.

Msimamizi wake, Profesa Liévin, alipiga makofi. "Njia inavuka! Félicitations, mama. Utatetea thèse yako ya udaktari mwezi huu."

Rachida hakufurahi. Njia ndiyo iliyovuka, au mkono wake?

Jumapili alimkuta baba yake akikata kitambaa. Mzee alikilaza uso chini, akachora chaki mgongoni, kama alivyomfundisha bintiye tangu utotoni.

"Baba, hapa kushoto iko wapi?"

"Kushoto ya nani? Yangu ao ya mwenye kuvaa?" Zakari akacheka. "Weye docteur mzima, unakuja kuniuliza kushoto!"

Rachida aliviona akilini vidole vyake mwenyewe vikikilaza kile kipande cha nyuma kimepinduliwa kama kitambaa, tumbo juu, kisha sindano ikiingia kulia badala ya kushoto. Akakumbuka tena, na safari hii kipande kilikuwa kimelala sawasawa. Kila alipozidi kukumbuka, alizidi kupotea.

Jumatatu alisema, "Profesa, siyue kama njia inavuka. Pengine nilitoboa kulia."

"Na pengine hukukosea!"

"Pengine."

"Jury haitakupa diplôme ya pengine, mama."

"Basi isinipe."

Utetezi ukafutwa. Wenzake walimwita mjinga. Kutojua si aibu. Aibu ni kumwonyesha mwenzako njia ambayo wewe mwenyewe huijui.

Rachida akaanza na panya mwingine. Ilipofika zamu ya kipande cha nyuma, alikilaza, akakigeuza, akakilaza tena, sindano ikiwa hewani, akinong'ona: kushoto kwa panya, si kwangu.